Kazi ya Gamondi ilionekana zaidi Yanga walipokuwa hawana mpira

Mwulize shabiki yeyote wa Yanga kuhusu msimu wa 2023/24, atakutajia bao tano. Tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba 1, Yanga 5. Atakuhesabia mawili ya Maxi Nzengeli, la Aziz Ki, na penalti ya Pacôme. Kinachonikaa mimi kichwani kuliko mabao hayo ni kwamba timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1. Kennedy Musonda alitangulia, Kibu Denis akasawazisha, na kwa kipindi kizima ilikuwa dabi ya Kariakoo kama tulivyoizoea. Manne mengine yakaja baada ya mapumziko, pale miguu ya Simba ilipokuwa imechoka kukimbizwa. Siku mbili tu baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi.

Kocha Miguel Gamondi alipotua Jangwani kuifundisha Yanga katikati ya 2023, hakukuta timu mbovu. Kocha aliyemtangulia, Nasreddine Nabi, alikuwa amemwachia mabingwa. Ubingwa wa 2021/22 ulikuja bila kupoteza mechi hata moja, na kwenye ligi wakafikisha mechi 49 bila kufungwa hadi Ihefu walipouvunja mwiko huo Novemba 2022. Halafu ikaja fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, iliyopotea kwa kanuni ya bao la ugenini: kipigo cha 2-1 Dar es Salaam, kisha ushindi wa 1-0 kule Algiers ambao haukutosha. Ile ilikuwa Yanga ya subira. Mabeki hawakuhangaika, viungo walilinda kwanza, na mpira ukishapatikana ulikuwa unamtafuta mtu mmoja, Fiston Mayele. Alifunga 17 kwenye ligi msimu ule na saba kwenye Shirikisho, na nchi nzima ikajifunza kutetema, ule mtindo wake wa kushangilia bao.

Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Feisal Salum akahamia Azam, na Yannick Bangala naye akaelekea huko huko Chamazi. Swali la mjini likawa moja: nani atafunga?

Wengi wetu tulisubiri aletwe Mayele mwingine. Walipita akina Konkoni, Musonda, Mzize na baadaye Guede, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mashine ya mabao. Bado Yanga walianza ligi kwa kumfunga KMC 5-0 na JKT Tanzania 5-0. Mfungaji bora wa ligi msimu ule akawa kiungo, Stephane Aziz Ki, kwa mabao 21. Huyu ni yule yule ambaye mwaka wake wa kwanza chini ya Nabi alikuwa anang'aa leo, kesho humwoni. Uwezo wake wa kupiga mpira haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa anaukuta.

Hili linastahili kuelezwa taratibu, maana ndilo lililosahaulika haraka. Kipa wa wapinzani anaanzisha kwa beki wake wa kati. Yanga ya Nabi ingerudi nyuma hatua kadhaa, ijipange, isubiri kosa. Yanga ya Gamondi ilimfuata beki huyo hapo hapo, tena kwa akili: anayemfuata anakimbia huku ameiziba njia ya pembeni, Aziz Ki amesimama jirani na kiungo mkabaji, Maxi na Pacôme wamewabana mabeki wa pembeni. Beki anabakiwa na pasi moja, ndefu ya juu, na huko mabeki wa kati wa Yanga, Dickson Job na Bacca, wanausubiri. Wakiugonga kwa kichwa, kiungo mkabaji Khalid Aucho anauokota. Asipopiga mrefu na akajaribu kupita katikati, mpira unaporwa mita 25 kutoka golini kwake, mabeki wenzake wakiwa wametawanyika kwa ajili ya kucheza. Hapo fundi kama Aziz Ki hahitaji kumpiga chenga mtu. Anahitaji mguso mmoja na shuti.

Ndiyo maana nasema Maxi alikuwa mchezaji muhimu kuliko tulivyomsifia. Watu walihesabu mabao yake, wakasahau mbio zake za kurudi kukaba na kutoka tena. Mabeki wa pembeni, Yao Kouassi na Joyce Lomalisa, nao walipanda mpaka wakaonekana kama mawinga, jambo ambalo lisingewezekana kama Aucho asingekuwa anaziba nyuma yao. Mfumo mzima ulisimama juu ya mapafu.

Na mapafu yana bei. Mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, Novemba ile ile ya 2023, CR Belouizdad waliwapiga 3-0 Algiers. Walipokutana na timu inayojua kutoka kwenye presha kwa pasi tatu za haraka, nyuma kulikuwa na uwanja mtupu. Gamondi hakuitupa falsafa yake, ila aliifunza kuchagua wakati. Februari 2024, Belouizdad wale wale wakala nne bila majibu pale Mkapa: Mudathir, Aziz Ki, Musonda, Guede. Usiku huo Yanga wakaingia robo fainali.

Robo fainali yenyewe, kwangu, ndiyo kazi yake bora kuliko hata ile bao tano. Mamelodi Sundowns ni timu inayokaa na mpira mpaka unasahau rangi yake, na Yanga walikwenda kuikabili bila Pacôme, aliyeumia kwenye mechi na Azam. Gamondi akawaachia mpira. Nyumbani kwake, mbele ya Mkapa iliyojaa, akakubali kukaa nyuma na kushambulia kwa kushtukiza. Ikaisha 0-0. Pretoria ikawa 0-0 tena, na shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini halikuhesabiwa kuwa bao, uamuzi ambao mpaka leo unaniuma. Penalti zikawatoa. Kocha anayejua kukabia juu na bado akawa na ujasiri wa kushuka chini inapobidi, hao si wengi waliopita katika ligi yetu.

Kisha ikaja Novemba 2024. Yanga hawakuwa wameruhusu hata bao moja la ligi msimu huo, Simba wakiwa miongoni mwa waliofungwa. Azam wakawafunga 1-0, siku chache baadaye Tabora United 3-1, na katikati ya mwezi Gamondi akaondolewa. Niliyasikia maneno kwamba mbinu zake zimeshajulikana. Sikubaliani nayo. Presha ile ile iliyokuwa imeibana Simba Oktoba haiwezi kujulikana na ligi nzima ndani ya wiki tatu. Nilichokiona ni wachezaji wale wale waliokimbia msimu mzima uliopita wakifika nusu hatua kwa kuchelewa, na ukichelewa nusu hatua kwenye mfumo ule, mpinzani anageuka na anakuta uwanja wote mbele yake. Dawa ilikuwa kubadilisha miguu, si kichwa. Hapo namlaumu Gamondi pia, maana benchi alilikalisha mno.

Kocha mpya Sead Ramovic akaja na "gusa, achia, twende kwao", yaani pasi za haraka za kwenda mbele moja kwa moja. Mabao ya ligi yalimiminika na jukwaa likafurahi, nami nilifurahi, kwa sababu ulikuwa mpira wa kasi na wa kuvutia. Lakini tarehe 18 Januari 2025 Yanga walihitaji ushindi dhidi ya MC Alger nyumbani ili waende robo fainali, na Waalgeria wakaja kujifungia. Kwao hakukuwa na nafasi ya kwenda. Mechi ile ilitaka mtu wa kusubiri, kuuzungusha mpira mpaka mlango ufunguke, na kuupora tena papo hapo unapopotea. Timu ilikuwa imejifunza jambo hilo miezi kumi na moja kabla, na wengi wa waliocheza walikuwa wale wale. Ikaisha 0-0, Yanga nje. Wiki chache baadaye Ramovic akahamia Belouizdad, miezi mitatu ikiwa haijatimia, na kocha wa tatu wa msimu akaanza kuwafundisha upya wapi pa kusimama mpira ukiwa kwa kipa wa wapinzani.