Hakuna Skrubu Inayoangukia Juu

Jamani nani aliamua kwamba skrubu ya bawaba iwe ndogo vile? Naomba jina lake tu, sitamfanya kitu. Leo nilikuwa nafunga mlango wa kabati, kazi ya kusimama wima, na nilikuwa nimejipanga haswa, meza ya kazi nimeiinulia vipande vya mbao chini ya miguu ili nisiinamie, sakafuni nimetandika zulia la mpira, kiunoni ule mkanda mpana wa kubana, yaani nilivyosimama pale ungeweza kunipiga picha ya kitambulisho. Skrubu ikaponyoka. Ikagonga meza ti, ikagonga sakafu ti ti, halafu kimya. Wenye migongo mibovu kama mimi kile kimya mnakijua. Ni mtu amesimama anaangalia chini anapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii: zilikuja sita na bawaba zake, ya saba hakuna. Mlango unaweza kushikwa na tano? Unaweza. Lakini kila nikifungua hilo kabati mpaka kufa kwangu nitaona kile kitundu. Basi nikachukua kijiti changu cha sumaku, kile unachokivuta kinarefuka, nilichokinunua kwa ajili ya majanga ya namna hii hii, nikakipitisha chini ya meza taratibu kwa madaha. Kikarudi na msumari uliopinda, kipande cha waya na unga wa chuma umeota ndevu. Skrubu hakuna. Kumbe zenyewe ni za shaba, zile za njano zinazong'aa, na shaba na sumaku hazina undugu hata wa mbali.

Nikashuka.

Na nilishuka kwa utaratibu, msije mkasema. Mkono mmoja juu ya meza, goti moja chini, la pili likafuata, mgongo umenyooka, kama nilivyofundishwa na yule dada wa mazoezi ya viungo. Nikapeleka mkono chini ya droo za vifaa, kule kwenye maranda ambayo hayajafagiliwa toka enzi, nikajipinda kidogo tu upande wa kushoto, kidogo, na kiuno kikasema kak. Haikuwa hata maumivu kwanza, ilikuwa ni taarifa. Kwamba ndugu, hapa ndipo ulipo, na hapa ndipo utakapokuwepo.

"Hodi humu!"

Sasa angeweza kuja mtu yeyote. Akaja mzee jirani.

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Kimya. "Mbona sikuoni?"

"Niko huku chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya meza, mzee."

Nikaona viatu vyake vya wazi vinasogea, vikasimama sentimita chache kutoka puani kwangu. "Unafanya nini huko?"

Mtu mzima una heshima zako. Huwezi kumwambia mtu aliyekupita umri kwa mbali kwamba umekwama chini ya meza uliyoitengeneza mwenyewe. Nikamwambia nakagua miguu ya meza. Nilidhani ataridhika aende zake, kumbe ndiyo nimemtekenya. Mzee akachuchumaa. Hakushika meza, hakusema "yalaa", magoti hayakulia, akachuchumaa tu pu, visigino chini, akatulia pale anapiga stori. Mimi siku hizi mtu akichuchumaa mbele yangu namwangalia vile watu wanavyoangalia gari jipya la jirani.

"Ni kweli," anasema. "Huu wa nyuma umekwenda kushoto."

"Haujaenda mzee."

"Umekwenda. Pimamaji iko wapi?"

"Iko hapo juu ya meza."

Akasimama, ndiyo, akasimama hivi hivi, akachukua pimamaji, akachuchumaa tena, mara ya pili ndani ya dakika moja bila kuulizwa. Akaiweka. "Unaona? Povu limekimbilia huku."

"Sakafu ndiyo imeinama."

"Sakafu ya nani?"

"Yangu."

"Basi umeinama nayo." Akacheka, akacheka, akajifuta machozi, na mimi nikacheka kidogo kwa adabu na ndio lilikuwa kosa la mbavu maana cheko lilishuka moja kwa moja mpaka kiunoni likagonga pale pale. Nikanyamaza ghafla. Mzee si mjinga.

"Wewe. Geuka nikuone."

"Nakuona tu hivi hivi mzee."

"Geuka."

"..."

"Mgongo?"

"Kidogo."

"Unajua tatizo lako? Unanyanyua kwa mgongo. Mtu unanyanyua kwa miguu."

Nyanyua kwa miguu! Nimenyanyua nini mimi? Skrubu haifiki hata gramu mbili, na hata hiyo sijaipata! Hii sentensi jamani, kila mtu anayo, anaitoa bure, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha unanyanyuaje plaiwudi kwa miguu. Wataalamu wa afya kazini kule Marekani walikaa wakapiga hesabu zao, wakasema mzigo wa juu kabisa ni kilo 23, na hizo ni zile za mambo yakiwa mazuri yote, mzigo uko karibu na mwili, uko kwenye kimo cha mkono, una mahali pa kushika, hujipindi. Plaiwudi ya milimita 18, ile nzima ya 1220 kwa 2440, inakaribia kilo 30. Haina mshikio. Iko sakafuni. Mikono yako haifiki huku na huku. Ikiwa karibu na mwili wako huoni unakokwenda, ukiitoa mbali na mwili ndiyo imeshakumaliza, na mlango wa karakana ni mwembamba kwa hiyo lazima ujipinde. Yaani ukisoma lile sharti moja moja ni kama waliandika wakiwa wameniwekea kamera. Halafu mtu anakwambia miguu. Miguu iko pale ndiyo, inashiriki, haijagoma, lakini kati ya miguu na mikono kuna nini? Kuna nini pale katikati?

Mzee hakungoja jibu kwa sababu sikusema hayo yote kwa sauti. Akaendelea. Ana mtoto wa ndugu yake alilala juu ya ubao mtupu akapona. "Na wewe mbao unazo," akasema, anaangalia huku na huku, kweli, mbao ninazo. Mwingine alining'inia kwenye bomba. Mwingine alilala kitandani mwezi mzima haamki. Hilo nikamkatalia, kutoka kule chini ya meza nikamkatalia, nikamwambia mzee, mambo ya kulala wiki nzima madaktari walishayaacha, mwaka 1986 kuna waliolinganisha siku mbili za kulala na siku saba, wale wa siku saba hawakupona zaidi, walichopata ni kukosa kazi siku nyingi zaidi. Sasa hivi wanataka utembee, ujongee, ufanye shughuli zako. Mzee akanitazama, mtu wa kujongea, nimekwama na shavu liko kwenye maranda. Akasema, "Haya. Jongea."

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 wenye maumivu ya kiuno walikuwa watu milioni 619. Nawaamini, maana karibu wote wameshapita karakanani kunipa ushauri.

Halafu ndiyo likaja lililomleta. "Nilikuwa nimekuja kuazima randa." Randa. Ile ile aliyoazima kipindi kile ikarudi na pengo kwenye kisu kwa sababu alirandia mlango wenye msumari, akaileta imefungwa vizuri kwenye gazeti, akasema iko salama. Ningekuwa nimesimama ningemjibu. Ningesema inanolewa, ningesema ameichukua mtu. Lakini kukataa kitu ukiwa umelala haiwezekani, hebu jaribu siku moja, sauti haitoki na mamlaka. Randa yenyewe iko mezani anaiona, mimi hanioni vizuri. Akaichukua. Akageuka aende, akasita, akaangalia chini, akavua kiatu mguu mmoja, nikaona dole gumba na mwenzake vinafunguka, vinafumba, mguu unapanda juu bila mgongo kushiriki hata kidogo, na pale katikati ya vidole iko skrubu yangu inang'aa.

"Unaacha vitu ovyo," akasema. "Utakuja kukanyaga." Akaitia kwenye mfuko wa shati isije ikapotea, akaondoka. Na randa.

Kuinuka sitaki kukueleza kirefu. Nilijiviringisha mpaka nikalala chali, nikavuta kigoda kwa kisigino nikapandisha miguu yote miwili juu yake, magoti yamekunjika, na nakwambia ukiwa na mgongo huo mkao ni nafuu ya kwanza duniani. Nikakaa pale naangalia uvungu wa meza. Gundi niliyoiacha ichuruzike imekauka inaning'inia vidonge vidonge. Mama watoto akafungua mlango akaona miguu, akasema "umelala tena", akafunga.

Tena!

Watu hawaelewi kwamba kazi hii ya mbao haina kimo kimoja. Meza ya kurandia inatakiwa iwe chini, pale ngumi inapofika mkono ukining'inia, ili uzito wa mwili uingie kwenye randa. Sawa. Sasa ukija kwenye patasi na kukata viungo vidogo unataka kazi iwe karibu na kifua, uone mstari wako. Kwa hiyo meza iliyo sahihi asubuhi ni meza ya kukuua mchana. Nikiiinua, nikirandia nafanya kwa mabega, mabega yanauma. Nikiishusha, kiuno. Ukisema uwe na meza mbili, haya, niambie ya pili inakaa wapi, juu ya dari?

Na hiyo asubuhi yenyewe ina mambo yake. Ukiwa umelala usiku zile diski katikati ya pingili za uti wa mgongo zinanyonya maji, zinavimba, ndiyo maana binadamu anaamka mrefu kuliko alivyolala, sentimita moja hivi, wengine zaidi kidogo. Unasikia raha eh, umerefuka. Kumbe saa hizo ndizo mbaya za kuinama, diski zimejaa zimebana. Sasa na mimi karakana naingia saa ngapi? Asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nasubiri kwanza nipungue urefu ndipo nianze kazi. Fikiria unamwambia mteja hivyo.

Nilienda kupiga picha ya mgongo, daktari akaniambia diski mbili za chini zimechoka, nikashtuka, akasema usijali, hata wasiosikia maumivu yoyote wanazo hivyo hivyo, tena wengi. Sasa hapo unatoka na nini? Yule dada wa mazoezi yeye akasema nisikae na kazi moja zaidi ya nusu saa, nibadilishe mkao, na gundi imeshapakwa, vibano viko mkononi, niiambie isubiri nanyoosha nyonga. Kijana wangu nikimwita anishikie upande wa pili wa ubao anakuja, simkatalii, anashika kwa mkono mmoja, mwingine una simu, na akicheka kule kwenye simu ubao unacheka huku kwangu.

Lakini linaloniudhi kuliko yote, kuliko hata mzee, ni droo ya chini. Hili kabati ninalolifungia mlango lina droo ya chini kabisa, inagusa sakafu, na si wazo langu. Mimi nilisema kabati lianzie kiunoni kwenda juu. Mama watoto akasema hilo litakuwa shelfu. Nikasema basi shelfu. Akasema shelfu analo. Haya, hebu kila mtu aende sasa hivi akafungue droo ya chini ya nyumbani kwake aniambie kuna nini humo. Chaja za simu ambazo hamna tena. Funguo, kufuli halijulikani. Mfuniko, chungu chake kilishavunjika. Hakuna kitu cha maana kilichowahi kuwekwa droo ya chini na bado kila fundi duniani anainama kuitengeneza na kila baba anainama kuifungua, maana kwetu ikikwama naitwa mimi, eti ndiye ninayejua inavyofunguka.

Na inakwama. Hewa ikiwa na unyevu ubao unavimba kwa upana, kwa urefu wala haujali, basi uso wa droo unapanda unasugua fremu, na kuivuta lazima uwe umeinama, mikono miwili, huku umejipinda kukwepa meza. Ni kuitoa tu na kupunguza ukingo wa juu kidogo, dakika kumi, kwa randa.

Nimempigia mzee. Anasema yuko njiani analeta. Njiani toka wapi, nyumba yake naiona hapa dirishani na yeye mwenyewe kachuchumaa mlangoni kwake.