SR20DET ndani ya Datsun 510: injini ndiyo kazi nyepesi

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari kwa Datsun 1600 SSS (1600 ni jina lingine la 510, na SSS ni toleo lake la kasi), saluni yenye injini ya L16 ya sentimita za ujazo 1,595 na kabureta mbili. Huko Marekani, John Morton alitwaa ubingwa wa mbio za Trans-Am wa magari yasiyozidi lita 2.5 mwaka 1971 na tena 1972, akiwa na 510 ya milango miwili. Sifa ya gari hili haikutokana na nguvu nyingi. Ilitokana na wepesi wake, chini ya tani moja, na suspensheni iliyojitegemea magurudumu yote manne, wakati wenzake wengi wa bei hiyo walikuwa bado na ekseli ngumu nyuma.

Ndiyo maana hoja ya kuitoa L16 na kuweka SR20DET, injini ya turbo ya lita 2 ya Nissan Silvia, inawagawa wapenzi wake hadi leo. Wanaotaka wana hoja nzito, na wanaokataa pia wanazo, ingawa mara nyingi hutetea ile dhaifu zaidi, ya uasili.

Tuanze na wanaotaka. L16 ya kawaida ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 96 kwa vipimo vya zamani, vilivyokuwa na ukarimu, na nguvu ya kuzungusha ya Nm 135 hivi. SR20DET ya Silvia S13 inatoa 205 na Nm 274, yaani nguvu ya kuzungusha mara mbili. Bloku yake ni ya aluminiamu ilhali ya L16 ni ya chuma, kwa hiyo pua ya gari haizidiwi uzito kama inavyozidiwa mtu akilazimisha V8. Inakuja na gia boksi yake ya gia tano, ni ya Nissan, na vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Kuna faida nyingine ambayo dereva wa Mombasa na Nairobi anaijua bila kuambiwa. Kabureta iliyopangwa vizuri usawa wa bahari hufika Nairobi ikimimina petroli kupita kiasi, plagi zikawa nyeusi, kwa sababu kwenye mita 1,700 hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini ya nozeli hujirekebisha yenyewe. Turbo nayo huziba sehemu ya pengo hilo. Si lote, kwa sababu kifaa kinachofungulia presha iliyozidi hupima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya nje yenyewe imeshuka.

Sasa upande wa pili. Neno "injini ya kisasa" hapa ni heshima tu. SR20DET iliingia kwenye Silvia mwaka 1991 na uzalishaji wa Silvia ukakoma 2002. Unayoinunua leo kwenye hafukati, ile nusu ya mbele ya gari lililokatwa, ina zaidi ya miaka ishirini, na mwenye nayo wa kwanza huenda aliichapa. Kabla ya kulipa, pima kompresheni. Kiwango cha kiwandani ni psi 171, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Ila tahadhari: ukipimia Nairobi, injini nzima ya afya itasoma psi 140 hivi, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa. Injini nzuri zimewahi kukataliwa kwa kipimo hicho, na mbovu zikakubaliwa na muuzaji aliyesema "ni mwinuko tu". Kinachotoa siri ni tofauti kati ya silinda, mwinuko hauigusi sana. Fungua pia kifuniko cha valvu uangalie roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Injini hii ikizungushwa kupita kikomo, roka huruka kutoka mahali pake na silinda ikanyamaza.

Kuipachika yenyewe si ajabu. Maunti za kufunga kwa bolti zipo, propela hukatwa na kubalansiwa, sampu, bakuli la oili chini ya injini, hugombea nafasi na krosmemba, boriti inayokatiza chini yake, na fimbo za usukani hadi mojawapo irekebishwe. Pima hapo huku usukani ukizungushwa mwisho wa kila upande, maana nafasi inayoonekana usukani ukiwa umenyooka hudanganya. Fundi mzuri wa kuchomelea humaliza yote hayo. Magari yanayobaki chini ya turubai nyuma ya gereji hayakwamii hapo. Hukwamia kwenye petroli na kwenye waya.

Petroli kwanza. Pampu ya asili ya 510 inaendeshwa na injini na hutoa presha ya baa 0.2 hadi 0.3 tu, kinachoitosha kabureta. Nozeli za SR zinataka baa 3. Mtu ananunua pampu ya umeme, anaiunga kwenye tanki la zamani, gari linawaka, kila mtu anafurahi. Tanki lile halina kuta za ndani za kuzuia petroli isikimbie. Likiwa na robo, ukiingia kona ndefu kwa kasi petroli inahamia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kwenye kabureta hilo lingekuwa kukohoa kidogo, bakuli la kabureta lina akiba yake. Kwenye turbo inayosukuma hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu wakati joto liko juu kabisa, injini inagonga, na ukingo kati ya ringi za pistoni unavunjika. Inachukua sekunde chache. Dawa ni kitanki kidogo cha akiba cha lita moja au mbili: pampu ya presha ndogo inakijaza, pampu ya presha kubwa inavuta humo, petroli inayorudi kutoka kwenye injini inaingia humo humo, na inayofurika inarudi tanki kubwa. Mabomba yawe ya milimita 8, na hospaipu ziwe za kiwango cha nozeli. Hospaipu ya kabureta iliyokazwa kwa klipu ya kawaida karibu na ekzosi ya turbo ni moto unaosubiri siku.

Waya ndizo zinazowachosha zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani. Mfano maarufu: gari linazungushwa na stata, linazunguka vizuri, haliwaki. Ukiachia ufunguo, linakohoa mara moja kana kwamba linataka. Fundi anabadilisha sensa ya hewa, anabadilisha kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hela zinaisha. Kosa liko kwenye swichi ya ufunguo: waya aliouchukua kulishia kontroli boksi hukatika umeme ufunguo unapofika nafasi ya kuwasha, na hurudi ukiachia. Pembeni yake kuna mtego wa pili, rezista ya koili ya zamani. Ukiuchukua umeme baada ya rezista hiyo, kontroli boksi inapata volti pungufu na kufanya vituko visivyo na mpangilio. Lisha mfumo kwa rilei moja kwa moja kutoka kwenye betri yenye fyuzi yake, na rilei iamshwe na waya uliopimwa kwa mita kuwa una volti katika nafasi zote mbili za ufunguo. Ongeza ethi mbili nene, ya injini kwa bodi na ya betri kwa injini. Bodi ya miaka ya sabini yenye kutu si ethi ya kutegemea.

Baada ya hapo ndipo bili ya kweli inapokuja. Breki za 510 ni diski ndogo mbele na ngoma nyuma, ndani ya rimu za inchi 13. Njia iliyozoeleka ni kuleta strati, zile nguzo za shokomzoba, na diski za mbele za Datsun 280ZX, na hapo rimu zipande hadi inchi 14. Difu ya R160 inajitahidi, lakini shafti zake na msalaba wake zilihesabiwa kwa nusu ya nguvu hii. R160 yenye limiti ya kuteleza, inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, kutoka kwa Subaru huingia bila ugomvi mkubwa, anayetaka zaidi huhamia R180. Bodi nayo itazamwe kwenye ngome za strati, reli za mbele na mahali zinaposhikilia fimbo za kuvuta. Palipo na kutu pakaze kwanza kabla hujaagiza turbo ya pili.

Wanaotetea uasili wakiliacha suala la hisia na kuhesabu bili hiyo, wanashinda kirahisi zaidi. Na wana lingine: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, za magari ya kihistoria hudai gari liwe kama lilivyokuwa enzi zake, kwa hiyo SSS halisi yenye SR imejifungia mlango wa mashindano hayo. Namba ya injini nayo imo kwenye logbook au kadi ya gari. Usipoibadilisha rasmi, siku ya kuuza au ya bima utaeleza sana.

Kati ya pande hizi mbili kuna njia ambayo haisifiwi sana kwa sababu haina mlio wa turbo. L18 ya Datsun 180B, sentimita za ujazo 1,770, ina bloku ya urefu uleule wa L16 na hukaa mahali palepale. L20B ya 200B, ya 1,952, ni ndefu kwa milimita 20 hivi na hutaka ekzosi irekebishwe kidogo. Iweke na gia boksi ya gia tano, distributa ya kielektroniki badala ya platini, na Weber mbili za milimita 40, na gari linafikia nguvu farasi 130 hivi bila kukatwa popote. Kwa bodi ya chini ya tani, hiyo ni kasi ya kutosha kwa barabara za kwetu, na difu inabaki salama.

Kwa hiyo SSS halisi isiguswe. SR iende kwenye 510 ya kawaida ambayo tayari imepoteza injini yake, na kwa mtu mwenye bajeti ambayo injini ni theluthi yake tu. Asiye nayo achukue L20B. Na L16 itakayotoka isiuzwe chuma chakavu: mimina mafuta kidogo kwenye kila tundu la plagi, zungusha krenki kwa mkono, ziba matundu yote, ifunge nailoni pamoja na kabureta, propela na krosmemba ya asili, kisha uandike namba yake juu kwa rangi isiyofutika.