Kipimo kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki

Jumamosi iliyopita nimekaa saa nne nzima kwenye ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kimenilenga shingoni, nasikiliza mada ya viashiria vipya vya damu vinavyobashiri hatima ya figo za mgonjwa wa ICU. Slaidi nzuri. Sambusa nzuri zaidi. NGAL, sistatini C, proenkefalini, mistari ya rangi rangi inapanda kona ya juu kushoto, na mtoa mada, kijana mwenye suti ya buluu, anatutangazia kwamba siku za kreatinini, kile kipimo chetu cha kila siku cha figo, zinahesabika. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na makofi yanasaidia kufukuza usingizi.

Jumapili nikarudi kazini, nikafungua chati ya mkojo ya kitanda cha tatu. Saa nane usiku, tupu. Saa tisa, tupu. Saa kumi, tupu. Saa kumi na moja mtu kaandika: "unatoka".

Unatoka! Kama gari la Mbagala.

Mniwie radhi wenzangu wa zamu ile, najua mlikuwa wawili kwa vitanda vingapi. Lakini nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ya bibi mmoja tuliyempokea miezi michache iliyopita. Kilo 40 kwa kukadiria, nimonia imemzidi, presha iko chini. Kreatinini ikarudi 81. Fomu ya maabara haikuweka mshale wala nyota ya kuonya, basi kwenye faili ikaandikwa figo ziko sawa, na gentamaisini, antibayotiki inayoweza kuchoma figo, ikaendelea.

Jioni mjukuu wake akanifuata mlangoni. "Shikamoo sista. Haya makaratasi ya bibi mnayahitaji, au niyarudishe nyumbani?"

Bahasha ya kaki, imechoka kwenye kingo. Ndani risiti za duka la dawa, eksirei iliyokunjwa kama gazeti la vitumbua, na fomu ya kliniki ya presha ya miezi mitatu nyuma. Kreatinini: 38.

Nilikaa chini. Kreatinini ni taka ya misuli, na bibi yule hana misuli ya kutoa taka. Kawaida yake yeye ni 38, kwa hiyo ile 81 yetu iliyopita kimya kimya ilikuwa zaidi ya maradufu. Kwa mwongozo wa 2012 wa KDIGO, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo, ambao tumeubandika wenyewe ukutani karibu na sinki, hilo ni jeraha la figo la daraja la pili. Tena tulikuwa tumemmiminia dripu chupa kwa chupa, na maji yale huizimua kreatinini ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Na mkojo? Mwongozo huohuo unashtuka mgonjwa akitoa chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita. Kwa bibi ni mililita 20 kwa saa, 120 kwa saa sita. Alikuwa ametoa 60. Sasa mfuko wenyewe wa mkojo una mistari ya mililita mia mia. 20 utaisomea wapi? Inabidi uinuke, ufungue, umwage kwenye jagi, usome, uandike. Kila saa. Ndiyo kazi yenyewe, haina slaidi.

Gentamaisini ikasimamishwa, presha ikapandishwa, mkojo ukaanza kurudi siku ya nne. Nisiseme ni bahasha iliyomponya, alikuwa na Mungu wake na antibayotiki nyingine. Lakini kipimo bora kuliko vyote siku ile kilikuwa kwa mjukuu, na alikuwa karibu kupanda nacho daladala.

Haya, niseme na ya upande wa pili, hata kama meno yanauma. Kreatinini ni kipimo kizembe. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla haijasogea, na inaposogea siku moja au mbili zimeshakwenda. NGAL ilipata sifa halali mwaka 2005 kwa watoto 71 waliopasuliwa moyo kule Cincinnati: saa mbili tu baada ya upasuaji ilishaonyesha nani figo zake zimeumia. Lakini kwa watoto wale saa ya jeraha ilijulikana! Mashine ya moyo imewashwa, saa inahesabu. Bibi yangu figo zake ziliumia saa ngapi? Nyumbani, siku ya tatu ya homa? Kwenye bajaji? Halafu NGAL hutolewa pia na chembe nyeupe za damu, kwa hiyo hupanda hata kwa maambukizi peke yake. Nitafutieni mgonjwa wa ICU yetu asiye na maambukizi.

Kuna utafiti ambao kijana wa suti aliutaja kwa fahari, wa Ujerumani, 2017. Wagonjwa 276 waliotoka kupasuliwa moyo, wote kipimo cha kiashiria (hicho cha mkojo, si cha damu) kimeonyesha hatari. Nusu wakapewa uangalizi wa kawaida. Nusu wakafanyiwa yale ya mwongozo wetu wa ukutani: presha na maji kusimamiwa kwa karibu, sukari kuchungwa, dawa zinazochoma figo kuwekwa kando. Walioumia figo wakashuka kutoka takriban 72 kwa mia hadi 55. Ukumbi ukaguna kwa kustaajabu kipimo. Jamani, kipimo si walikuwa nacho wote? Waliopona walipona kwa yale mengine! Kipimo kiliwaambia waanze na nani, basi, hiyo naikubali. Kwetu wa kuanza naye namjua, ni yule aliyeandikiwa "unatoka".

Na msinijie na hoja kwamba tukijua mapema tutasafisha damu mapema. Utafiti mkubwa wa 2020, nchi 15, wagonjwa karibu 3,000: walioharakishwa walikufa sawasawa na waliosubirishwa.

Lakini kinachonitia baridi kweli ni lile neno "kubashiri". Pale ambapo mashine za kusafisha damu ni za kuhesabu na familia inaulizana nani auze shamba, namba inayosema figo hizi hazitarudi haitakaa kwenye faili kama namba. Itakuwa hukumu. Mgonjwa atasogezwa mwisho wa foleni, atakufa, na tutasema kiashiria kilisema kweli. Nimeona ndugu wakisoma uso wa daktari tu na kuanza kupanga usafiri wa maiti. Mkiwapa na namba itakuwaje?

Mwenye kiu ya utabiri aanze na ule wa furosemaidi, dawa ya kukojoza, uliochapishwa 2013. Mgonjwa asiyepungukiwa maji mwilini, sindano moja, miligramu moja kwa kilo, moja na nusu kama ameshaizoea, kisha unapima mkojo wa saa mbili. Usipofika mililita 200, kaa chonjo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 77 ilibashiri vizuri kabisa, na bei yake ni ya soda. Ila, ndiyo hivyo, inataka mtu anayepima mkojo.

Jana waandaaji wametuma fomu ya tathmini. Swali la mwisho: ungependa vifaa gani vya kisasa viletwe idarani kwako? Nimeandika jagi. Letu namba zimefutika kwa jiki, sasa tunasoma kwa alama za peni ambazo sista mmoja aliyestaafu alizichora, na ile ya 50 nayo imeanza kufifia.