Nilivyoshika F mpaka F ikaniumbua

Mimi ni mtu wa matarumbeta ya kanisani, Bukoba, Kilutheri, na waliopita huko wanajua nazungumzia nini, alfajiri ya Pasaka mko nje mnapuliza, midomo imekufa ganzi, mwalimu anawaangalia kama polisi. Mwalimu wetu alijifunza kwa Wajerumani kwa hiyo na sisi tukasomeshwa kwa staili yao ya kanisani, yaani kilichoandikwa ndicho kinachosikika. Ukiona noti ya C unatoa C ileile ya kinanda. Kwenye flugehoni yangu, ndugu mnene wa tarumbeta, nisipobonyeza kitufe hiyo ni B flati, C ya katikati ni kidole cha kwanza na cha tatu, D ni cha kwanza na cha pili, imeisha hiyo. Nikajua dunia nzima inasoma hivyo.

Basi nikapata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja Ujerumani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji mdogo tu. Pale mjini kuna okestra ya watu wa kawaida, muoka mikate, manesi, mstaafu wa posta, wanakutana kila Jumatano jioni. Nikawaambia na mimi napuliza. Wakasema tarumbeta wamejaa ila kwenye honi kuna kiti wazi. Nikakubali kabla hawajamaliza kuongea. Nilipompigia mama kumwambia huku napiga honi akauliza, "Kwani wameshakupa gari?"

Honi ninayosema ni ile ya mviringo, bomba limekunjwakunjwa kama utumbo wa mbuzi unaosubiri supu, Waingereza wanaiita ya Kifaransa na Wajerumani wenyewe wanaiita honi ya msituni. Vali zake, yaani vile vitufe vya kubadilisha noti, unabonyeza kwa mkono wa kushoto. Kushoto! Mimi miaka yote natumia wa kulia. Huo wa kulia unauingiza kwenye mdomo mpana wa honi, kule sauti inakotokea, unatulia humo kutengeneza sauti. Wa kwangu haukutulia. Kila noti vidole vya kushoto vinabonyeza vali na vya kulia humo gizani vinabonyeza hewa, cha kwanza na cha tatu, cha kwanza na cha pili, na kwa sababu mkono ukicheza humo sauti nayo inacheza, nikawa natoa mlio wa mbuzi anayeuliza swali.

Halafu kuna kidole gumba. Honi hizi za siku hizi ni mbili ndani ya moja, ukiacha gumba upepo unapita bomba la F lenye mita 3.7 hivi, ukibonyeza unahamia bomba fupi la B flati, mita 2.7. Niliposikia B flati nikafurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu stendi ya Ubungo. Nikabonyeza gumba na sikuliachia tena, na kweli vidole vyangu vya kanisani vikakubali.

Jumatano ya kwanza nikapuliza kilichoandikwa. Aisee, kilikuwa juu! Mishipa ya shingo imesimama, masikio yameziba, na huko juu ya honi noti zimebanana kama abiria wa daladala saa moja asubuhi, kidole kilekile kinakupa noti tatu nne, inategemea mdomo wako umeamkaje. Nikasema moyoni hawa watu wana mapafu. Yule mstaafu wa posta ndiye honi ya kwanza, amekaa pembeni yangu, akaniangalia muda mrefu kisha akauliza, "Kijana, unapiga nini?"

"Kilichoandikwa, mzee."

Kumbe noti za honi zinaandikwa kwa F. Ukiona C wewe toa F ya chini yake. Nilikuwa nimepiga jioni nzima noti tano juu ya wenzangu, na walioninyamazia ni kwa adabu tu.

Nikaanza upya kama mtoto wa chekechea. Miezi mitano, kila nikitoka zamu nashuka chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, mashine zinazunguka na mimi nazunguka: C usibonyeze, D kidole cha kwanza, E usibonyeze, F cha kwanza, G usibonyeze, ukifika A bonyeza gumba uhamie bomba fupi maana kule juu bomba refu linateleza. Nikajichapa mpaka ikaingia. Ikifika usiku naota F. Mkono wa kulia nao ukatulia, nilikuwa nashika soksi humo ndani ili vidole vikose kazi.

Sasa sikilizeni. Siku moja kabla ya konseti, honi ya pili kaumwa mafua. Wananiambia kaa pale, unaweza. Kazi yenyewe ni simfonia, yaani muziki mrefu wa okestra, ile kubwa ya mtunzi wa zamani Schubert, ya C meja, ambayo inaanza na honi mbili peke yake. Peke yake kabisa, okestra nzima imekaa inakutazama, honi mbili zinapiga wimbo mmoja, sauti moja, polepole na kwa upole, vipimo vinane vizima vya muziki. Na hiyo jenero riheso, zoezi la mwisho kabla ya konseti, waliwaalika wazee wangu wa kule kazini, safu mbili za mbele ni viti vya magurudumu, bibi mmoja kanifumia skafu kabisa.

Karatasi ikaja. Juu imeandikwa honi katika C. Nikasema eeh, najua, simfonia iko C, wametukumbusha. Nikaweka vidole vyangu vya F, vile vya chumba cha kufulia, nikavuta pumzi.

Tukaingia pamoja vizuri sana. Mzee chini, mimi noti nne juu yake, tunatembea sambamba kama wanakwaya wawili walioanza wimbo bila kupewa sauti, na hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Mimi nikajua mzee kakosea. Wallahi. Nikaongeza sauti ili nimrudishe njiani! Muongozaji wetu alishusha fimbo taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani.

Mzee akaninong'oneza haraka haraka. Kumbe hiyo C haikuwa jina la simfonia, ni jina la honi. Enzi za Schubert wapigaji wengi hawakuwa na vali, ukiambiwa C unachomeka kipande cha bomba cha C, honi nzima inakuwa karibu mita 5, unapuliza kilichoandikwa kwa mdomo na kiganja cha kule ndani ya honi, bila kujua kidole cha vali ni nini. Yaani mtu aliandikia watu wasiotumia vidole, halafu vidole vinaniua mimi.

"Sasa nifanyeje?"

"Soma kama kanisani kwenu. Oktava moja chini, kama teno wa kwaya."

Nilitaka kulia. Miezi mitano nasahau kitu, na siku ninayokihitaji ni hiyo. Nikabonyeza gumba, nikarudisha kichwa Bukoba, cha kwanza na cha tatu, cha kwanza na cha pili, na wimbo ukatoka wenyewe, kitu kimoja na mzee, nikaona bibi wa skafu anafumba macho.

Kipimo cha tatu nikasikia mbuzi. Nikamwangalia mzee, sio yeye. Mle ndani ya honi, mkono wangu wa kulia nao ulikuwa umerudi Bukoba.