Vinka ing'olewe, au tuanze na lantana?

Wanaotaka vinka iondolewe kandokando ya fuo za Malindi wana hoja. Asili yake ni Madagaska. Ililetwa bustanini kwa maua yake, ya waridi au meupe yenye jicho jekundu katikati, ikatoroka. Sasa inajiotea mchangani, pembeni mwa lami, hata kwenye nyufa za kuta za mawe ya matumbawe. Mbuzi hawaitaki kwa uchungu wa majani, kwa hiyo malisho yakiisha yenyewe hubaki imesimama. Anayehangaika na mimea ya asili ya ufukweni lazima imkere.

Lakini itazameni inavyoishi. Kwa kawaida haifiki hata mita moja. Maganda yake ya mbegu yakikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi palepale, zisogezwe na maji au sisimizi. Hupenda jua na ardhi iliyokwisha kuvurugwa. Kivuli cha msitu wa Arabuko-Sokoke hakiifai. Lantana nayo ilianza kama ua la bustani, ila tunda lake huliwa na ndege, na ndege haulizi shamba la nani. Hufunga kichaka cha miiba, ukikikata kinachipua tena shinani. Tatizo ni kwamba vinka hung'oka kwa mkono mmoja. Ndiyo maana siku ya kujitolea huanziwa yenyewe: rundo linaonekana, picha zinapigwa, watu wanarudi majumbani wameridhika. Lantana hata haijaguswa.

Kuna utetezi mmoja nisioutaka, ule wa "msiing'oe, ni dawa ya saratani." Ni kweli dawa za saratani vinblastini na vinkristini zimetoka humo, ya kwanza iligunduliwa Kanada miaka ya 1950, watafiti wakifuatilia sifa za mmea huo kama dawa ya kisukari. Lakini gramu moja ya vinblastini huhitaji takriban kilo 500 za majani makavu. Kilo 500, na jani lenyewe likikauka halina uzito, kwa unga usiojaza kijiko cha chai! Hayo si mavuno ya kando ya barabara. Na anayechemsha majani ili kushusha sukari anakunywa mchanganyiko wa kemikali zaidi ya 70 bila kipimo, zikiwemo zinazopunguza chembe nyeupe za damu na kuharibu neva. Hospitalini dawa hizo hupitishwa mshipani, kwa kipimo, chini ya uangalizi.

Palipooteshwa mimea ya asili, vinka ing'olewe kabla maganda ya mbegu hayajapasuka. Kwingine iachwe ichanue, majembe yapelekwe kwenye lantana.