Wanawake 25 Nao Wahesabiwe

Mwaka 1964, katika kijiji cha Trosly-Breuil, Ufaransa, Jean Vanier, mwalimu wa kiroho Mkatoliki kutoka Kanada, alianza kuishi nyumba moja na watu wenye ulemavu wa akili aliowatoa kwenye taasisi. Hapo ndipo ilipozaliwa L'Arche, shirika ambalo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao huishi pamoja, na ambalo leo lina jumuiya katika nchi zaidi ya 30. Alifariki Mei 2019. Februari 2020 L'Arche yenyewe ikatangaza kwamba aliwanyanyasa kingono wanawake sita, wengi wao wakiwa wamemwendea kwa uongozi wa kiroho. Ripoti ya 2023 ikafikisha idadi hiyo angalau 25.

Hoja za wanaomtetea si za kubezwa. Marehemu hawezi kujibu, jumuiya zinaendelea na kazi njema, na hakuna kati ya wanawake hao 25 aliyekuwa na ulemavu. Nayakubali yote matatu. Aliyepata familia kwa mara ya kwanza ndani ya L'Arche aliipata kweli.

Lakini wanaposema mwalimu apimwe kwa matunda yake, huwahesabu walionufaika peke yao. Tena unyanyasaji huu haukutokea kando ya mafundisho. Ulifanyika ndani ya nasaha za kiroho, ukaelezwa kwa lugha ya sala na upendo wa Yesu na Maria.

Lugha hiyo Vanier aliipata kwa mlezi wake, padri Mdominiko Thomas Philippe, na hapo ndipo moyo wangu unapokataa kutulia. Kanisa lilimhukumu Philippe mwaka 1956 kwa vitendo vya kingono na wanawake aliowaongoza kiroho, na kumzuia asiendelee na huduma za kipadri. Hukumu ilitolewa, ila ikafanywa siri. Vanier alijua sababu yake, waumini hawakujua. Katika miaka ya 1960 padri huyohuyo akawa Trosly-Breuil, watu wakimfuata kwa ushauri, na alifariki 1993 akiwa na heshima zake zote. Makosa yake yalithibitishwa hadharani mwaka 2015. Ni miaka 59! Kila mwanamke aliyebisha hodi kwake katika miaka hiyo, wakubwa walikuwa wanajua asichokijua yeye.

Ndiyo maana nasikitika wanaowahukumu walimu wa dini kama hawa wanapoitwa maadui wa imani. Wanafunzi wanane waliomwandikia Sogyal Rinpoche, mwalimu wa Ubuddha wa Kitibeti, Julai 2017, wakitaja vipigo na unyanyasaji wa kingono, walikuwa wamemfuata kwa miaka mingi. Uchunguzi ulioagizwa na shirika lake, Rigpa, ulithibitisha mwaka uliofuata sehemu kubwa ya waliyoyasema.

Uvumi ni hatari, na mtu asihukumiwe kwa minong'ono. Hilo linadai ushahidi ulioandikwa na kutolewa mapema, mtuhumiwa akiwa bado anaweza kujitetea. Vanier aliulizwa akiwa hai kuhusu matendo ya Philippe. Alisema hakuyajua, na nyaraka zikaonyesha kwamba aliyajua tangu miaka ya 1950.