Konda wa daladala na mistari miwili ya chini

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Likizo iliyopita alikuja kwangu na daftari la hisabati. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa amechora jedwali la ukweli la "ikiwa P basi Q", P na Q zikisimama badala ya kauli mbili zozote, mistari minne, K kwa kweli na U kwa uongo. Mistari miwili ya chini ameizungushia wino mwekundu na pembeni kaandika kwa herufi kubwa: KARIRI.

"Mjomba, hii miwili tumeambiwa tuikubali tu."

Nilichukia, sikufichi. Mantiki ndilo somo la mwisho duniani ambalo mtoto angepaswa kuambiwa akubali tu.

"Na", "au" na "si" hazimsumbui mtu. Labda "au" kidogo, kwa sababu mama akikuuliza unataka chai au uji hategemei umjibu "vyote", ilhali "au" ya mantiki haina kinyongo na vyote viwili. Ukishaambiwa hivyo, yamekwisha. Kinachowaangusha watoto ni "ikiwa". P ikiwa kweli na Q kweli, kauli nzima ni kweli: sawa. P kweli na Q uongo, kauli ni uongo: sawa pia. Lakini P ikiwa uongo, jedwali linaandika K bila kujali Q ikoje. Mtoto anajiuliza, na ana haki: jambo lenyewe halikutokea, huo ukweli umetoka wapi?

Nikamwambia afunge daftari, tupande daladala kichwani.

Sheria ya ndani ya gari ni hii: ukilipa nauli ya mwanafunzi, shilingi 200, lazima uwe na sare. Abiria wanne. Wa kwanza konda anaiona sare yake lakini hakumbuki kalipa ngapi. Wa pili amevaa nguo za nyumbani, naye hajulikani kalipa ngapi. Wa tatu ametoa mia mbili yake akiwa amebanwa nyuma kule, nguo hazionekani. Wa nne kalipa nauli kamili, na yeye haonekani. Konda ahangaike na nani?

Hakufikiri hata sekunde tano. "Huyo wa mia mbili, na huyo wa nguo za nyumbani."

Na wa nauli kamili?

"Wa nini? Hata akivaa sare, hata akivaa kanzu, kashalipa."

Basi umeishajaza jedwali, nikamwambia. P ni kulipa mia mbili, Q ni kuwa na sare; aliyelipa nauli kamili ndiye P iliyo uongo. Avae sare au asivae, sheria haijavunjwa, na ile K ya mistari miwili ya chini haisemi zaidi ya hapo. Haisemi kwamba mia mbili ndiyo inayoleta sare, wala kwamba vitu hivi viwili vina undugu wowote. Gari zima lina abiria wa aina moja tu anayeivunja sheria, mwenye mia mbili bila sare, ndiyo maana jedwali lina U moja tu.

Kisa hiki cha konda nimekifinyanga kutokana na jaribio la mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, la mwaka 1966. Yeye aliweka mezani kadi nne zenye herufi upande mmoja na namba upande wa pili, tuseme E, K, 4 na 7, na sheria: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ufunue zipi ili kuipima? Jibu ni E na 7: E ni kama yule wa mia mbili, 7 ni kama yule wa nguo za nyumbani. Walio wengi hukimbilia E na 4, wasomi kwa wasio wasomi. Mwaka 1982 watafiti Griggs na Cox wakaibadilisha kule Florida: badala ya herufi na namba wakaweka bia, soda na umri wa wanywaji, na sheria kwamba anayekunywa bia awe ametimiza umri. Takriban robo tatu ya wanafunzi wao wakapata. Swali lilikuwa lilelile. Sasa sisi tunaanza na P na Q ubaoni, halafu tunashangaa darasa limenuna.

Na tunaanzia kwa Kiingereza, wakati mtoto kaja na mantiki nyingine mdomoni. Chukua "usipoziba ufa utajenga ukuta". Hiyo ni "ikiwa si P basi Q", na mtoto yeyote atakuambia ni sawasawa na kusema "ziba ufa, au utajenga ukuta". Kumbe kageuza "ikiwa" kuwa "au" bila kuchora mstari hata mmoja. Je, mtu aliyeziba ufa wake, kisha mafuriko yakaondoka na ukuta, akalazimika kujenga, ameiumbua methali? Hapana. Ni yule abiria wa nauli kamili aliyevaa sare.

Makosa nayo yamo humohumo. Bibi yetu akimwona mjukuu anachechemea husema papo hapo, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wewe hukusikia." Bibi, kwa heshima zote, umeigeuza nyuma mbele. Methali haikusema kila aliyevunjika guu hakusikia. Wengine wamegongwa na bodaboda wakiwa wametulia zao. Kinachotoka kihalali kwenye methali hiyo ni hiki: mwenye miguu mizima alimsikia mkuu. Mpwa wangu alicheka sana hapo, kwa sababu anawajua watukutu wengi wenye miguu mizima.

Ugomvi huu wa "ikiwa" si wa jana. Philo wa Megara, mwanafalsafa wa Kigiriki, yapata miaka 2,300 iliyopita, ndiye aliyeshikilia kwamba kauli ya namna hii ni uongo pale tu inapoanza na kweli na kuishia na uongo. Mwalimu wake Diodorus alimpinga. Mshairi Callimachus akadhihaki kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalia wakibishania jambo hilo. Kwa kunguru tulio nao Dar es Salaam, tungekuwa na chuo kikuu.

Tulipokuwa tunafunga daftari, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mjomba, na 'ningejua nisingekuja', hiyo inaingia mstari upi?"

Nikamwambia aijaribu. "Nilijua" ni uongo, maana hakujua. Kwa hiyo yuko mistari ya chini, anapata K. Halafu ajaribu "ningejua ningekuja". Napo K. Akanitazama. Kauli mbili zinazopingana, na jedwali limezipitisha zote.

"Kwa hiyo jedwali ni la -ki-," akasema taratibu, "si la -nge-."

Akachukua kalamu, akaikata ile KARIRI, na chini yake akaandika hivyo hivyo alivyosema.